Beseni la Sofia, Mtaa wa Mchikichi

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa katika kituo cha polisi, Kariakoo, Dar es Salaam, Jumapili tarehe 16 Septemba 1979, kuanzia saa tano asubuhi, mbele ya Koplo Elieshi.

Jina: Ignasi Pantaleo
Umri: miaka 54
Kabila: Mmwera
Dini: Mkristo
Kazi: fundi cherehani
Makazi: Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, chumba cha uani

Nimeambiwa niseme kweli, na nisitaje jambo ambalo sikuliona. Nimeelewa. Kusoma na kuandika najua, nilifika darasa la nne kule Ndanda, lakini nimemwomba Koplo aniandikie.

Ninashona nguo kwenye baraza la duka la Bwana Abdulla. Nikiinua kichwa kutoka kwenye cherehani, mbele yangu ng'ambo ya barabara ipo nguzo ya umeme. Chini ya nguzo hiyo ndipo alipokuwa akiuza mboga mke wangu, Sofia. Alikuwa akiamka alfajiri kwenda kuchukua mchicha na matembele kwenye bustani za Jangwani, akirudi nayo kichwani ndani ya beseni la bati, jeupe, lenye maua mekundu, na tundu moja lililozibwa kwa lami. Kabla ya kupanga mafungu alifagia kwanza pale chini, akamwagia maji kidogo vumbi lisiruke. Gari la jiji la matangazo lilipopita na kipaza sauti, kuwahimiza watu usafi baada ya kile kipindupindu, yeye alilijibu kama mtu anayeitwa: "Naam, nimesikia, nimeshafagia." Wenzake walicheka kila mara, ingawa maneno yalikuwa yale yale.

Sofia alifariki Ijumaa tarehe 10 Agosti mwaka huu. Tulimzika Kinondoni kesho yake. Mungu hakutujalia mtoto.

Nimeulizwa beseni lilifikaje pale na kwa nini halikuondolewa. Akina mama wauza mboga wa mtaa wetu wana desturi yao. Mwenzao akifa, hakuna anayekaa mahali pake mpaka arobaini. Beseni lake hulazwa kifudifudi pale pale alipozoea kukaa, na kila asubuhi kila mmoja huweka juu yake fungu moja la mboga. Jioni mafungu yale huletwa kwa wafiwa. Siku zote hizi nimekula mboga hizo. Siku ya arobaini beseni hufunuliwa, akakabidhiwa atakayeshika nafasi. Wa kwetu ni Severa, mdogo wake marehemu, ambaye yuko njiani kutoka Nachingwea.

Mfiwa haruhusiwi kuligusa beseni hilo kabla ya siku yake. Anayelifunua ni mtani.

Mtani wetu ni Bakili, ambaye mmemweka ndani. Yeye ni Myao wa Tunduru, mfagiaji wa jiji, na mtaa wetu ameufagia tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Asubuhi alikuwa akipita na toroli lake, Sofia anampa kikombe cha uji, naye Bakili ananipigia kelele ng'ambo ya barabara: "Mmwera, mke wangu amenipa uji! Wewe umepewa nini?" Nami humjibu, "Mimi nimepewa amri ya kukuhesabia vikombe." Siku ya mazishi, gari lilipotaka kuondoka na jeneza, Bakili alikaa katikati ya barabara na kuulaza ufagio wake mbele ya magurudumu. Akasema mke wake haendi popote mpaka arudishiwe mahari yake. Watu walicheka huku wanalia. Hakuondoka mpaka nilipomwahidi suruali.

Suruali hiyo ndiyo niliyokuwa naishona jana, Jumamosi tarehe 15 Septemba 1979.

Wiki iliyopita watu wa jiji walipita wakipaka alama ya chokaa kwenye baadhi ya nguzo. Hawakusema ni za nini. Sabaha, ambaye anauza bamia jirani na mahali pa Sofia, alifurahi, akasema hatimaye taa itatengenezwa.

Jana yapata saa nne asubuhi lilikuja lori la jiji limebeba mapipa ya taka, mapya, yamepakwa rangi ya kijani. Msimamizi wao ni kijana anayeitwa Seifu. Bakili alikuwa tayari yupo mtaani na toroli lake. Waliteremsha mapipa mawili kule mwanzo wa mtaa, kisha wakafika kwenye nguzo yetu. Seifu akaiangalia ile chokaa, akaangalia chini, akasema, "Bakili, ondoa taka hii tuweke pipa."

Jua lilikuwa limeanza kuwa kali na mafungu ya mchicha juu ya beseni yalikuwa yamelala. Kwa mtu asiyejua, ilikuwa taka. Simlaumu kwa hilo.

Bakili akamwambia, "Bosi, hiyo si taka. Hilo beseni lina mtu."

Seifu akauliza ni la nani. Sabaha akanionyesha kwa kidole. "La mke wa yule fundi, Mungu amrehemu. Jumanne ni arobaini yake. Bosi, pipa ni bati, na beseni ni bati. Si uwaache wakae ujirani hizi siku mbili tatu?"

"Mama, pipa halina arobaini," Seifu alisema. "Jumatatu wakubwa wanapita kukagua. Kila pipa na nguzo yake. Wakikuta nguzo haina pipa, ninayeulizwa ni mimi."

Wale wabebaji wakacheka. Seifu hakucheka. Akanigeukia akanisalimu kwa heshima, nami nataka liandikwe hilo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Pole na msiba. Njoo basi uchukue beseni lako, ukaliweke nyumbani. Sitaki ugomvi na mtu."

Nikamjibu, "Siwezi kuligusa mpaka Jumanne."

"Lako, na huwezi kuligusa?"

"Ndiyo. Siwezi."

Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani na mguu wa suruali umebanwa chini ya sindano. Ningeweza kuvuka barabara. Si barabara pana. Ningelibeba nikaingia nalo ndani, na leo Bakili angekuwa kwake na Seifu mkono wake ungekuwa mzima. Lakini tangu niko mtoto nimeona watu wakingoja siku yao, na Sofia mwenyewe aliwangojea wenzake, hata yule waliyekuwa hawasemezani. Nilimtazama Bakili. Alitikisa kichwa kwamba nisije.

Bakili akamwambia Seifu, "Bosi, nipe mpaka Jumanne. Pipa nitalilinda mimi, nitalilaza hapa kama mtoto. Jumanne asubuhi nafunua beseni, naliweka pipa kwa mkono wangu mwenyewe, nafagia, unapita unakuta pamenyooka."

"Wakubwa wanapita Jumatatu."

"Waambie Bakili amefiwa na mke."

"Mke wako yuko Tunduru, usinifanye mtoto."

"Huyo ni wa kwanza," Bakili alisema.

Watu walicheka, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichoharibu. Seifu ni kijana, na aliona kwamba anachekwa mbele ya watu anaowasimamia. Akainama akalishika beseni akaliinua. Mboga zote zikamwagika chini. Chini ya beseni ilikuwepo ngata ya Sofia, kipande cha kanga alichokuwa akikizungusha kichwani wakati wa kubeba. Sikujua kuwa waliiweka humo. Ilikuwa bado imejikunja duara, kama alivyoivua.

Sabaha akasema taratibu, "Ee jamani."

Bakili akaacha ufagio akashika ukingo wa pili wa beseni. Seifu akavuta, naye Bakili akavuta. Hawakutukanana. Seifu alisema, "Achia, Bakili, utafukuzwa kazi." Bakili akasema, "Mwanangu, achia wewe. Mimi sina ninachokuomba kingine." Wakavutana hivyo kidogo. Halafu Bakili akatoa mkono mmoja, akauweka kifuani mwa Seifu.

Nimeulizwa kama alimsukuma. Alimsukuma.

Nimeulizwa kama alimsukuma kwa nguvu. Alimsukuma kama mtu anayefungua mlango uliokwama. Seifu akarudi nyuma, akakanyaga ule mchicha uliomwagika, mguu ukateleza, akaanguka ndani ya mtaro ulioko nyuma ya nguzo. Mtaro hauna mfuniko. Aliangukia mkono wa kushoto. Nilisikia sauti yake kabla sijasikia ya beseni.

Nimeulizwa kama asingesukumwa angeanguka. Sijui. Nimeulizwa kama pasingekuwa na mchicha angeanguka. Hilo nalo sijui. Usiku kucha nimejiuliza na sikupata jibu la kumfaa Bakili.

Wa kwanza kuingia mtaroni kumtoa Seifu alikuwa Bakili. Alimbeba mgongoni mpaka kwenye lori. Nilisikia akimwambia, "Pole, mwanangu, pole, kaza meno." Seifu alikuwa analia kwa maumivu. Kisha Bakili akaketi kando ya barabara, mikono kichwani, mpaka askari walipofika. Askari walichukua beseni pia, pamoja na ngata, wakasema ni kielelezo.

Bakili alipokuwa anapandishwa kwenye gari nilivuka. Wakati huo ndipo nilipovuka. Nikamwuliza, "Mtani, niseme nini?" Akasema, "Sema ulichokiona, Mmwera. Ukianza uongo leo, nitakutania nini?"

Basi nimesema nilichokiona. Ningependa sana kuwa siku hiyo nilikuwa nimeinamisha kichwa natunga uzi.

Nina mambo mawili ya kuongeza. Koplo ameniambia hayahusiki na kesi, lakini amekubali kuyaandika.

La kwanza, sina ubaya na usafi wa jiji. Mapipa ni jambo jema. Mtaa wetu ulikuwa ukitupa maganda mtaroni na watoto wakiugua. Pipa sasa limewekwa pale pale chini ya nguzo, jana alasiri hiyo hiyo, wabebaji walirudi kulileta. Leo asubuhi nilipokuwa naenda kanisani nilimwona mtu akitupa ganda la ndizi ndani yake, akalenga vizuri. Sofia angemsifu. Sijui Severa atakaa wapi akifika, wala sijui nitamweleza nini pale stendi.

La pili, keshokutwa ni Jumanne. Beseni liko hapa kituoni, na mtani wa kulifunua naye yuko hapa kituoni, wametenganishwa na mlango mmoja. Mimi nikilifunua si sawa, na askari akilifunua si sawa. Nimeomba Bakili atolewe kwa muda mfupi tu siku hiyo, aliguse na kuligeuza, kisha arudishwe. Nimeambiwa Jumatatu atapelekwa mahakamani, na baada ya hapo kituo hakina amri juu yake. Nimeelewa.

Nilipoingia nililiona beseni chini karibu na kabati. Lilikuwa limekaa wima, na ngata imo ndani. Mtu aliyeliweka hakujua. Sikuligusa.

Suruali ya Bakili nimekuja nayo, imebaki vifungo. Nimeambiwa mahabusu hapokei nguo hadi mkuu wa kituo arudi. Nitairudisha nyumbani niiwekee vifungo.

Niliyoyaona mwisho wake ni hapa. Nimesomewa maelezo haya kwa Kiswahili nami nikasikiliza hadi mwisho, na sikuona neno la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: Ignasi Pantaleo

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika mimi, Koplo Elieshi, kama shahidi alivyoyatamka, na ametia sahihi mbele yangu saa saba kasoro robo mchana. Shahidi hakulazimishwa wala hakuahidiwa kitu. Kielelezo: beseni moja la bati, jeupe lenye maua mekundu, na kipande kimoja cha kanga kilichozungushwa. Shahidi alipokwisha kutia sahihi aliniomba, kama haivunji sheria, kielelezo kilazwe kifudifudi na kanga ndani yake. Haivunji sheria. Nimekilaza hivyo.