Shamba Lililolazwa

Jumatatu, 2 Septemba 1935
Nimetwanga mpunga mpaka mabega yanauma, na mwanangu Zaina mgongoni halali. Kapita, msimamizi wa mzungu wa pamba, amekuja tena na kamba yake. Amepima shamba letu la ng'ambo ya kijito, lile tulilolilaza mwaka wa tatu huu udongo upate nguvu. Kaandika kwamba ni pori, halina mwenyewe. Kijiji kizima kihamie barabara ya Kasongo kabla ya Ijumaa. Mume wangu Ramazani alimwambia kwa upole, "Ile shamba iko inalala tu, haikukufa." Kapita akacheka. Ramazani naye akacheka! Nimewakasirikia wote wawili.

Jumanne, 3 Septemba
Tumepanda muhogo kule, kijiji kizima, waone lina wenyewe. Shauri langu. Najivunia. Tumefyeka na kuchomeka vijiti kwenye udongo mkavu, hata mvua haijanyesha. Marehemu mama angenichapa.

Alhamisi, 5 Septemba
Nimekosea. Mzungu alikwisha kupewa karatasi ya shamba. Sasa anasema sisi ndio wezi, na muhogo wetu ndio ushahidi. Kesho wanakuja askari wa Bula Matari, serikali ya Wabelgiji. Haraka haraka haina baraka, waniulize mimi. Vijana wananoa mikuki. Ramazani anapalilia vitunguu. Naogopa.

Ijumaa, 6 Septemba
Walikuja asubuhi. Waling'oa muhogo, kisha wakatia moto nyumba. Vijana wakarusha mikuki, askari mmoja akachomwa paja. Bunduki zikalia. Jirani yetu Sefu amekufa, Mungu amrehemu.
Nyuma ya nyumba yetu, ndani ya moshi, nilimkuta kapita amemkaba Ramazani shingo. Nilishika mchi. Nilipiga mara moja. Hakuinuka.
Ramazani aliuchukua mchi mikononi mwangu. "Kimbia. Mutoto atabakia na nani?"
Nilikimbia.

Jumamosi, 7 Septemba
Porini. Wamemkamata Ramazani. Hakuna aliyeona ila yeye na mimi. Simjutii kapita. Najitafutia majuto, siyapati. Ramazani tu.

Alhamisi, 19 Septemba
Kasongo, kwenye hukumu. Ramazani alisema ni yeye aliyemuua. Aliwaonyesha na namna alivyopiga, vibaya, kama mtu asiyewahi kutwanga. Nilisimama niseme. Alinitazama mimi, akamtazama mtoto. Nikakaa.
Kifungo cha maisha. Hawakusema wapi. Najichukia.

Jumapili, 22 Septemba
Barabarani, walikotuhamishia. Vijiji vinne vimepangwa kwenye mstari mmoja, majirani hatujuani. Wanawake wa kijiji kingine wamekuja kunipa pole. Wamesema mume mwenye hasira ni mzigo, huenda Mungu amenipumzisha. Nimewaitikia, asante mama, asante mama. Walipoondoka nimerudi kufyeka sehemu yangu ya pamba ya mzungu.