Bia Kali ya Kadzama

Jumamosi, 8 Machi 2025

Baba amejaza chupa leo, kreti nzima! Bia ya kadzama – pombe ya kumposea Kaka Kaingu, kwa kina Caroline, Mikindani. Wengine hupeleka mnazi, tembo la kugema. Baba anataka kupeleka kazi ya mikono yake. Anafuata karatasi ya kutengeneza bia aliyopewa na mgeni, enzi zake za kazi hotelini. Kiingereza kitupu, kwa hivyo msomaji ni mimi.

Karatasi inasema nyepesi ikae chupani wiki mbili, kali miezi mitatu. Wamechanganya! Kila mtu anajua mnazi mkali ni ule uliolala. Kilicho kikali tayari kingoje nini tena? Yetu ni kali, nikamwambia Baba wiki mbili. Akaniita msomi wake, akapanga posa iwe tarehe 22.

Jumamosi, 22 Machi

Sitaki kuandika.

Jumapili, 23 Machi

Povu hakuna. Tamu kama uji, halafu inachoma koo. Shangazi yake Caroline akamuuliza Baba: Randu, umetuletea posa au dawa ya kikohozi? Wakacheka. Baba yake Caroline hakucheka – akasema kadzama isiyonyweka haijafika. Tukarudi nyumbani Magongo na nusu kreti.

Kaka hajala tangu jana. Baba anatazama mikono yake tu. Eti imezeeka.

Nami nilikuwepo, nimeshika trei. Karatasi ilisema miezi mitatu!

Jumatatu, 24 Machi

Nilimuuliza Mwalimu Mahfudh wa kemia habari za hamira. Akasema kileo kikizidi, hamira nayo hulewa. Hufanya kazi polepole mno. Chupani huhitaji miezi imalize sukari, itoe gesi, na ule ukali wa kuchoma utulie. Kisha akashtuka: “Astaghfirullah! Ramadhani hii, binti, waniuliza pombe?” Darasa zima kicheko. Mimi machozi.

Mnazi hulala ndipo ukawa mkali. Bia huzaliwa kali, ndipo ilale.

Jumanne, 25 Machi

Baba ameniita niandike barua kwa kina Caroline. Kaingu hana hatia, wamkubali na mnazi wa kununua. Halafu akasema: andika, kosa ni langu.

Nikaandika. Kosa ni langu. Kwa mwandiko wangu!

Chupa zilizobaki amezipanga mlangoni, anakwenda kuzimwaga. Zingeachwa hadi Juni tu!

Nimemdanganya kalamu imeisha wino, natafuta nyingine. Ndiyo hii hii naandikia. Anaita tena, anataka kutia sahihi. Abee, Baba, naja –