Dakika ya Kumi na Tisa

Mwenzangu, uko? Usinipigie, nitalia. Nimejifungia chooni hapa kliniki.

Leo msimamizi wangu wa mafunzo kasikiliza rekodi ya kikao changu na mteja wangu, yule mama aliyefiwa na mwanawe. Mama anasema, "Nilitoka kidogo tu. Kurudi, ameshakata roho."

Halafu sauti: "Hata mimi nilitoka kidogo tu."

Msimamizi akarudisha. Akarudisha tena. "Nani huyo?"

Ni mimi! Na sikumbuki kusema. Haki ya Mungu sikumbuki!

Kwenye ripoti nimeandika kwa mkono wangu: "Dakika ya kumi na tisa, mteja alikaa kimya."

Kimya wapi! Alikuwa ananibembeleza. "Pole mwanangu, hukujua." Mgonjwa ananipa pole MIMI, nami namsimulia kifo cha mama yangu: wodi, kitanda cha dirishani, maji niliyoenda kununua.

Mwaka wa tatu huu nasomea udaktari wa saikolojia. Nafundishwa kusikiliza watu!

Msimamizi kasema nitafute mtu wa kuongea naye. Basi ni wewe.

Lile la mwisho hata yule mama sikumwambia. Hukujua, anasema. Nilijua. Nilikuwa mlangoni, nikamsikia mama yangu ananiita. Nikatoka tu.