Kiti cha Upande wa Kushoto

Chumba namba 14, ghorofa ya nne,
Jengo la nyuma ya kituo cha mabasi.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kijiti,

Salamu zangu zikukute umekaa kwenye kile kiti cha kamba karibu na mlango, maana uliniambia hapo ndipo mwanga unapokutosha. U hali gani? Macho yanasemaje wiki hii? Yale matone unayatia kwa saa kama daktari alivyoagiza, au unayatia ukikumbuka? Nakujua wewe.

Na wewe dada muuguzi, jirani mwema unayemsomea, habari za zamu? Ahsante kwa kutuazima macho yako. Soma polepole, na akikwambia uruke mahali, usiruke.

Mimi ni mzima, ila goti la kulia limeanza kunipa taarifa za hali ya hewa kabla ya redio. Daktari ameniambia nitembee. Nikamuuliza nitembee kwenda wapi, akacheka, akadhani natania.

Barua yako ilifika Jumanne ya mwisho ya mwezi uliopita. Nimeisoma hadi mikunjo yake imeanza kukatika. Umeuliza jambo moja tu: nakuja kabla macho yako hayajafunga, au siji? Nitakujibu, Kijiti. Lakini niache nianzie mbali kidogo, maana jibu lenyewe limepitia njia ndefu, na njia hiyo imepita angani.

Usicheke. Kaka yako amekuwa rubani.

Ni hivi. Mwaka ule wa pili baada ya wifi yako kufariki, binti yangu aliniletea kompyuta yake ya zamani ili tuwe tunaonana usoni kila Jumamosi. Jumamosi zikawa mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi ukawa sikukuu. Simlaumu, ana kazi na watoto. Kompyuta ikabaki mezani. Humo ndani nikakuta programu ya kuigiza urubani, wenyewe wanaiita simuleta. Unakaa mbele ya kioo, na mbele yako ipo ndege nzima: saa zote za dashibodi, dira, mafuta, upepo, mawingu, na dunia yote chini yako. Nilipoona zile saa, mdogo wangu, moyo wangu wa fundi saa ulishtuka. Kumi na sita, zote zinafanya kazi, na hakuna hata moja iliyoletwa kwangu kutengenezwa.

Baadaye nikanunua usukani na kanyagio za miguu. Nimezifunga kwenye meza ya chakula kwa vibanio. Nakula nimeweka sahani mapajani.

Ndege za kisasa sizipendi. Zinajirusha zenyewe, rubani ni kama mlinzi wa zamu. Mimi napenda safari za kale. Nilianza na zile ndege za barua, enzi ambazo marubani walifuata mto au reli, wakatua kila baada ya saa mbili tatu kutia mafuta, na kabla ya giza wawe chini. Nilitafuta ratiba zao kwenye vitabu vya maktaba, nikazinakili kwenye daftari, kisha nikazirusha safari zile kituo kwa kituo, kwa dira na saa ya mkononi. Safari moja ilinichukua siku tisa, kama ilivyowachukua wao. Kuna kitufe cha kuharakisha muda, unavuka jangwa kwa dakika nne. Sijawahi kukibonyeza. Kama wao walikaa saa mbili na dakika arobaini, na mimi nakaa saa mbili na dakika arobaini. Ndiyo maana ya kwenda.

Nilikuwa na mwenzangu. Chini yangu, ghorofa ya pili, aliishi dereva wa basi mstaafu tuliyemwita Breki. Alikuja kuazima bisibisi, akakuta niko juu ya milima, hakurudi kwake mpaka nilipotua. Kuanzia hapo akawa rubani msaidizi. Kila asubuhi alipanda na kiti chake mwenyewe, anakaa kulia kwangu na ramani mapajani. Alikuwa na mdomo, Kijiti! "Mzee, inua pua, tunapalia mahindi ya watu!" Nikichelewa kituo kwa dakika mbili ananiambia, "Abiria wanalalamika, bosi, wengine wanadai nauli." Na nikishatua, nikizima injini, anasimama, anafungua mlango usiokuwepo na kupaza sauti kama yuko kazini: "Mwisho wa safari! Shukeni, msisahau mizigo!" Halafu tunakunywa chai.

Siku moja nilimwomba twende kwetu. Tulienda kwa Dakota, ile ndege ya injini mbili yenye mkia uliokaa chini, inayofanana na iliyonichukua. Siku tatu njiani. Nikatua uwanja wetu, nikazima injini. Breki akafungua mlango wake. Mimi sikuondoa mikono kwenye usukani. Akangoja, akangoja, mwisho akasema taratibu, "Mzee, gari limefika. Mbona hushuki?"

Programu haina mlango, mdogo wangu. Unatua vizuri, unaegesha, pangaboi zinasimama, na hakuna anayekuja. Hakuna mtu wa ngazi, hakuna wa kupokea begi. Unatazama jengo la uwanja na jengo linakutazama. Nimetua kwetu mara nyingi mno, nina idadi yake kwenye daftari, na kila mara nimekaa pale juu ya lami mpaka kioo kimejizima chenyewe.

Januari Breki alihamia kwa mwanawe, mji mwingine. Aliniachia kiti chake. Kipo hapo kulia kwangu, nimewekea ramani juu yake ili kisionekane kitupu, lakini ramani haisemi neno.

Sasa nakuja kwenye barua yako. Umeandika kwamba blanketi lile jekundu bado lipo, kwenye sanduku la mama, na lile tundu la pasi kwenye pembe. Umeandika kwamba mama aliondoka duniani akijua kuwa niliwaona. Nilipofika hapo niliweka barua chini, nikafunga usukani mezani, nikawasha ndege. Nilitaka kuirusha safari moja ambayo haimo kwenye kitabu chochote cha maktaba: ile iliyoniondoa.

Unakumbuka ilivyokuwa. Wewe ulikuwa na miaka kumi, mimi ishirini na minne. Vijana wa umri wangu walikuwa wakitafutwa nyumba kwa nyumba, na kiti kwenye ndege kilipatikana kimoja. Mama aliniambia jikoni, anafunga mkate kwa kitambaa: "Mimi na huyu Kijiti tutapanda paa la chumba cha kufulia. Tutatandaza blanketi jekundu. Ndege inapita juu yetu. Utazame, baba, usije ukasinzia." Na barua yake ya kwanza kunifikia, miezi mitano baadaye, swali lake la kwanza halikuwa nakula nini wala nalala wapi. Aliuliza, "Ulituona?" Nikamjibu, "Niliwaona, mama. Wewe umeshika pembe mbili za mbele, Kijiti za nyuma, moja imemponyoka."

Kipande cha tiketi ninacho, nilikihifadhi kwenye kasha la saa ya baba. Kina namba ya kiti. Ratiba ninayo: tuliondoka saa moja na nusu asubuhi. Uwanja wetu, upepo wa asubuhi ni uleule siku zote, kwa hiyo ndege huruka kuelekea kilima, na kabla ya kilima lazima ipinde kulia. Nikapanga vyote kama vilivyokuwa, tarehe ile, saa ile, jua lile. Kisha badala ya kukaa kwenye kiti cha rubani, nikaiamuru programu inikalishe ndani, kwenye kiti changu cha abiria.

Kilikuwa upande wa kushoto, Kijiti.

Ndege ikaruka, ikapinda kulia, nyumba yetu ikapita chini ya bawa la kulia. Na ndege ikilalia kulia, anayekaa kushoto haoni ardhi. Anaona mbingu tupu. Halafu ikamaliza kupinda, na jua likaingia dirishani kwangu, likanipiga usoni. Nililitambua. Lile jua nalikumbuka kwa ngozi, nilifumba macho kwa ajili yake, na aliyekaa mbele yangu alivuta pazia.

Nilirudia mara kumi na moja. Nikageuza upepo ili ndege iruke kwa upande wa pili: hapo haipiti kwetu kabisa. Nikasogeza saa, nikapunguza mafuta, nikaongeza mizigo. Fundi akikataa kuamini saa anaifungua tena na tena, lakini mwisho huona kilichovunjika ni kipi. Sikuwaona. Nimeishi miaka arobaini na saba nikiliona blanketi lile, wekundu wake, na wewe mwembamba kama kijiti unavutwa na upepo, na vyote hivyo nilivitengeneza siku ile nilipomjibu mama. Sikukusudia kudanganya. Niliandika "niliwaona" kwa sababu aliuliza, na nilipokwisha kuandika nikaanza kuwaona.

Wifi yako alinisikia nikisimulia habari ya blanketi kwa kila mgeni. Binti yangu analijua kama anavyojua jina lake. Kumbe muda wote huo nilikuwa na mbingu tu.

Nakuandikia haya kwanza kwa sababu sitaki nije na uongo mkononi kama zawadi. Wewe ndiye uliyepanda paa. Wewe ndiye uliyeshika pembe za nyuma, ukatazama ndege mpaka ikaisha. Kama utasema kaka huyu alimwongopea mama, ni kweli, na useme. Kama utakasirika, kasirika, muuguzi atakuandikia. Mama siwezi kumrudia. Nimebaki na wewe tu wa kuambiwa.

Na mbona sikuja miaka yote hii? Kwanza sikuwa na karatasi za kusafiria. Nilipopata karatasi, mama hakuwepo, nikaona nitakuja kumfuata nani. Baadaye wifi yako akaugua. Baadaye ikawa nimekaa kimya muda mrefu mno, na ukimya wa namna hiyo ukiuzoea unaona haya kuuvunja. Nikawa nakuja nikiwa mezani, bila mtu kujua. Nimepita juu yako, Kijiti, labda ukiwa unaanika nguo. Nyumba yetu kwenye kioo ni kiraka cha kijivu, si kikubwa kuliko ukucha wa kidole gumba. Hakina mtu. Nimeshuka hadi karibu ya kugonga bati, nako hakuna mtu.

Kwa hiyo, jibu. Nakuja. Tiketi nimeishika, si ya simuleta, ni ya karatasi. Jumamosi ya tarehe 5 Aprili. Binti wa ofisi ya tiketi aliniuliza napenda kukaa dirishani au njiani. Nikamwambia, "Mwanangu, nataka dirishani, upande wa kushoto, mbele ya bawa." Akaniuliza kama naogopa. Nikamwambia hapana, nimepima. Alasiri upepo wa kwetu hugeuka, ndege hutua ikitokea upande wa kilima, na nyumba hupita chini ya dirisha la kushoto. Nimeirusha safari hiyo mara sita wiki hii. Itapita saa tisa na dakika ishirini, labda na tatu.

Lisilo ndani ya hesabu zangu ni nyinyi wawili, wewe na blanketi. Litoeni sandukuni. Usipande wewe! Nasema tena, Kijiti, usipande, hata kama utamwambia muuguzi kwamba mimi nimeruhusu. Muuguzi apande, alitandaze juu ya paa la chumba cha kufulia, aweke mawe pembeni. Wewe kaa chini, kwenye kiti chako. Ndege hutaiona vizuri, lakini utaisikia. Ukisikia mlio umekuwa mkubwa kabisa, jua kwamba hapo ndipo ninapotazama. Safari hii usiniulize kwa barua. Nitakujibu mlangoni.

Nisalimie shangazi mkubwa, mwambie ile saa yake ya ukutani naijia mwenyewe. Msalimie binamu seremala na mkewe, na yule kinyozi wa kona kama angali hai na angali anakata watu masikio. Muuguzi, nakusalimia mara ya pili.

Mungu akulindie hayo macho kwa wiki nne hizi, na ukibaki na mwanga wa kuona uso mmoja tu, akuwekee akiba yake. Na usiponiona, utanishika usoni, nami nitakaa kimya mpaka umalize.

Wako tangu ulipokuwa unabebwa mgongoni, na akupendaye hata alipokaa kimya,

Kaka yako,
Fundi Saa.