Ufunguo wa Lori na Mpira wa Kilimani

MAELEZO YA SHAHIDI KUHUSU KUCHUKULIWA KWA LORI

Jina: Babu Injini. Lipo jingine la kwenye karatasi, ila ukiuliza kwa hilo hakuna atakayekuelekeza kwangu.
Umri: miaka 74.
Kazi: dereva wa lori. Askari aliandika "mstaafu", nimemwambia afute.
Makazi: nyumba ya kona, nyuma ya mashine ya kusaga.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nasema nikiwa na akili zangu, na nitasaini mwenyewe. Dole gumba wakaweke wengine.

Lori ninalolilalamikia ni langu. Nimelishusha milima bila breki mara mbili na mzigo ukafika mzima, hilo hata maadui zangu wanalijua. Ufunguo wake hukaa shingoni mwangu kwa kamba ya kiatu. Naoga nao, nalala nao.

Siku za karibuni kulikuwa na maneno nyumbani. Wanasema sioni vizuri. Ni kwa sababu ya geti la jirani, ambalo limejengwa likaingia barabarani, na baiskeli ya mwalimu, ambayo haikuwa na mtu juu yake. Niliwaambia sitaki kuisikia tena habari hiyo. Wakanyamaza. Nikajua nimewashinda.

Leo Jumamosi, majira ya saa nne asubuhi, nilikwenda na mke wangu na mjukuu wangu wa kike kwenye kilima kilicho nyuma ya uwanja wa maonyesho, wanapoviringisha watu ndani ya mipira mikubwa ya plastiki. Mdogo wangu, ambaye tunamwita Tingo kwa kuwa alianza kama utingo wangu, alisema mgongo unamuuma, akabaki nyumbani. Huyo Tingo nimemfundisha usukani mimi, kwa mikono hii.

Mpira wenyewe una ngozi mbili na upepo katikati, na unaona nje. Unaingia kwa tundu, kichwa kwanza, kisha unafungwa mikanda. Mjukuu wangu akasema, "Babu, hii si ya wazee." Mke wangu akadakia kwamba nitatapika, bora nikae kwenye benchi nishike mikoba. Wanajua pa kunigusa. Nikavua viatu.

Mwenye mipira akasema chuma hakiingii ndani. Hapo sikubisha, mimi najua msumari unafanya nini kwenye tairi. Mke wangu akanyoosha mkono.

"Nipe mimi. Au huniamini?"

Nikampa. Tangu niwe na lori lile hakuna mkono mwingine uliowahi kuushika ufunguo huo.

Mjukuu alifungwa mikanda upande wa pili, tunatazamana. Wakati anaingia alikuwa amenipiga goti kwenye paja. Kabla hatujasukumwa akaniambia taratibu, "Babu, unisamehe." Nikamwambia si kitu, nimekusamehe. Tukasukumwa.

Wanaume wazima walishuka wakilia kabla yetu, nimewaona. Mimi nilicheka. Naomba iandikwe kwamba nilicheka kutoka juu mpaka bondeni.

Katika kuzunguka, nilimwona mke wangu kule juu akimpa mtu kitu. Nilidhani ni mwenye mipira. Kumbe alikuwa Tingo. Askari ameniuliza nilishindwaje kumtambua mtu niliyezaliwa naye tumbo moja. Nimemjibu aingie yeye mle ndani, miguu juu kichwa chini, halafu aniletee majibu.

Nilipotoka dunia ilikuwa bado inazunguka. Mke wangu alinivalisha kamba shingoni mwenyewe, akaiingiza ndani ya shati, akanipangusa majani. Nikaona huyu mwanamke bado ananipenda. Tukakaa kilimani mpaka jua likapoa, tukarudi.

Tulifika nyumbani kama saa kumi na moja jioni. Lori halipo. Nikavuta kamba. Kamba ni yangu, ila ufunguo ni wa kufuli la stoo.

Nilimuuliza mke wangu. Alikaa kwenye kizingiti, hata sauti hakuinua. Alisema, "Tingo amelipeleka. Nichukie ukitaka, mzee wangu. Sitaki kuja kuitwa barabarani nikute umegonga mtoto wa mtu." Nikamuuliza limepelekwa wapi, akainuka akaenda kuwasha jiko. Nikamtazama mjukuu wangu. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nimekuja hapa kwa miguu. Nataka lori langu. Nataka Tingo aitwe, na mke wangu aulizwe mbele yangu. Mjukuu asiitwe. Lakini naomba iandikwe kwamba ule msamaha niliompa ndani ya mpira niliutoa kwa ajili ya goti tu. Hili jingine sikuambiwa.

Hayo ndiyo yaliyonipata, sina cha kupunguza.

Sahihi: (ameandika mwenyewe)

Maelezo ya askari: Nimemsomea shahidi maelezo haya naye amekubali kuwa ni yake. Sahihi yake imeangukia nje ya mstari. Tingo ameleta ufunguo kituoni kwa hiari yake, nimeuhifadhi. Mjukuu alikuwa anamsubiri shahidi nje ya mlango. Shahidi hakumsemesha, ila alimshika mkono kushuka ngazi, akaniagiza niandike kwamba taa ya ngazi za kituo ni mbovu. Nimeikagua. Inawaka vizuri.