Tawi Juu ya Njia ya Bakobi

Mangobo, Kisangani, tarehe 7 Agosti 1960

Kwa Tonton Asumani,

Salamu nyingi zikukute ukiwa na nguvu, wewe na mkeo, Tantine Nyota. Kifua chako kimepona? Mimi ni mzima, ni miguu tu inayouma, na nitakuambia sababu.

Jumapili iliyopita nilichukua watoto kumi na wanne wa darasa langu, pamoja na mama watano ninaowafundisha bustani kila Jumamosi, tukatembea hadi daraja la Tshopo na kurudi. Hebu fikiri, Tonton: watoto wamezaliwa Mangobo, hawajui hata mti mmoja kwa jina. Uhuru tumepata, bendera tumepandisha, lakini msitu tunaupita ndani ya lori tukifumba macho kwa vumbi. Nikaona aibu, mimi niliyelelewa nyuma ya jembe lako.

Basi nina ombi. Nataka kuwaleta Bakobi. Lori litatushusha Kilomita 23 kwenye barabara ya Banalia, halafu tutembee njia yako ya msituni mpaka nyumbani. Wewe uwafundishe namna njia inavyotunzwa, Tantine awaonyeshe bustani yake. Hakuna atakayelipwa, mimi vilevile. Mwalimu mwenzangu Pélagie anasema nimepata wazimu. Labda. Usikatae tu.

Mtoto wako,
Zaina


Bakobi, 21 Agosti 1960

Zaina, mtoto wa marehemu ndugu yangu,

Nakusalimu kwa amani. Kifua hakijapona wala hakijazidi, tumezoeana. Tantine yako ni mzima na anauliza utaolewa lini, mimi sikumtuma.

Barua yako aliileta yule kijana wetu Waziri juu ya baiskeli, pamoja na chumvi. Nimeisoma mara tatu. Bon. Miaka kumi na tisa nilikuwa kantonie, nikitunza kipande changu cha barabara kwa beleshi na panga, na Mzungu akija na kofia yake kupima mifereji kwa fimbo. Tangu uhuru mshahara haujafika, na Mzungu haji tena. Wenzangu wameacha majani yaote. Mimi kukaa bure kumenishinda, nimehamia kwenye njia yetu ya msituni, naitunza kwa roho tu. Kumbe katika ukoo huu wenye wazimu tuko wawili.

Walete. Lakini kila mtu aje na panga au jembe. Anayetaka kutazama tu, abaki kwake atazame ukuta. Na somo la kwanza litakuwa tawi. Unajua kwamba mwendo wa saa moja kutoka barabarani njia inagawanyika: ya kulia inakuja kwetu, ya kushoto inakwenda kwenye tope na hangari ya zamani ya kahawa. Juu ya ile ya kushoto huwa tunalaza tawi bichi, maana yake usipite hapa. Alama hiyo haichezewi. Uliichezea ukiwa na miaka saba nikakuchapa, na sijutii.

Tonton yako,
Asumani


Mangobo, 18 Februari 1962

Kwa Tonton mpenzi na Tantine,

Habari za huko? Huku tunavuta siku. Mwaka jana ulikuwa mbaya, mnajua wenyewe, siuandiki. Mwili wangu hauna neno.

Jumapili iliyopita ilikuwa safari yetu ya tisa, na nimeona niandike kwa sababu nikiwa pale na wewe nacheka tu, sisemi. Watoto sasa wanajua kuchimba mfereji wa kando ili maji yasile njia. Wanajua gogo la kuweka topeni lazima libanduliwe kwanza gome, lisiteleze. Nyumbani wanawasumbua wazazi. Mkurugenzi wa shule asubuhi ya jana alikuta tawi bichi limelazwa mbele ya ofisi yake. Alikasirika, kisha hakuingia mpaka mtu alipoliondoa! Wanakuita Koko, kama babu yao hasa.

Na zile mbegu za mboga ya lengalenga alizotugawia Tantine zimejaa Mangobo nzima. Mama mmoja ambaye mume wake alimkimbia sasa anauza mboga kila asubuhi, na jirani zake anawafundisha bure, kama alivyofundishwa.

Tonton, mimi sina baba wala mama, lakini Jumapili zile, tukitoka msituni na kuona moshi wa jiko lenu, nasahau kabisa kwamba ni yatima. Nilitaka ujue.

Mtoto wako,
Zaina


Bakobi, 2 Julai 1964

Zaina mwanangu,

Salamu. Sisi wazima, hofu ni juu yako.

Usiwalete tena watu. Hata Jumapili ijayo, hapana. Barabarani wanapita wenye bunduki, leo waasi wa manyoya kichwani, kesho askari wa buti miguuni, na wote wanauliza chakula kiko wapi. Njia nimeiacha iote kidogo upande wa barabara, isionekane. Imeniuma kama kuacha mtoto bila kumwogesha.

Ila wewe njoo. Acha shule, acha bustani, lengalenga huota popote. Nilimwahidi baba yako akiwa kitandani, mkono wangu ndani ya mkono wake, kwamba hakuna kitakachokupata mimi nikiwepo. Usinifanye mwongo uzeeni.

Tonton yako,
Asumani


Mangobo, 30 Agosti 1964

Kwa Tonton,

Pokea salamu zangu na usiwe na hasira, kifua chako hakiwezi hasira.

Siwezi kuja. Mji uko mikononi mwa wale wa manyoya tangu mwanzo wa mwezi, shule imefungwa, soko ni meza tupu. Kinacholisha mtaa huu ni bustani zetu. Mama ishirini wanakuja kila asubuhi na majembe yao, wanauliza, "Mwalimu, leo tunapanda nini?" Nikiondoka niwajibu nini? Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu hatunzi njia kwa ajili ya miguu yake peke yake.

Mambo yakizidi, nitakuja kwa miguu, na yeyote atakayetaka kunifuata. Nakuahidi.

Mtoto wako mkaidi,
Zaina


Bakobi, 15 Novemba 1964

Zaina,

Salamu, na leo sina nafasi ya kuuliza habari za mwili. Soma barua hii polepole, kisha uichome.

Juzi wenye bunduki waliingia kijiji cha jirani. Siulizi tena ni wa nani. Wa jana na wa leo wanachoma nyumba vilevile. Wanaongozwa na vijana wa msituni waliokamatwa nao, vijana wanaojua alama zetu zote. Kwa hiyo tumekaa watu wanne tukakata shauri, na shauri lenyewe nimelitoa mimi. Kesho asubuhi nitageuza tawi. Njia ya kulia, ya kwetu, nitaifunga kwa tawi na kuimwagia majani makavu mpaka ionekane imekufa. Ya kushoto nitaifyeka, nitaiwekea magogo, iwe safi kama ya kupitisha bibi harusi. Waende topeni.

Tantine yako ameniuliza, "Na Zaina? Atajua namna gani?" Nimemjibu, "Niko namuandikia. Waziri anaondoka leo." Waziri mwenyewe sikumwambia kitu, mdomo wake unavuja.

Basi shika hili: ukija, ruka tawi. Pita palipofungwa. Usifuate njia safi, hata ukiona ni kazi ya mkono wangu. Ukishasoma, mpe Waziri hata neno moja aniletee, nipate kulala.

Tonton yako,
Asumani


Mangobo, 27 Novemba 1964

Kwa Tonton na Tantine Nyota,

Salamu kutoka kwetu tuliobaki hai. Tangu Jumanne ni ndege na risasi. Watu wengi wamekufa, wa kila upande na wasio na upande. Bustani zimekanyagwa zote.

Waziri alifika jana. Alikuwa amejificha ng'ambo ya daraja siku nyingi. Hakuleta barua, anasema mko wazima, mnanisalimia, basi. Siku hizi hata kuandika umekuwa mvivu, mzee? Hakunitazama usoni aliposema, maskini, nadhani ni woga wa aliyoyaona njiani.

Nimekubali neno lako, tunakuja. Ni mimi na Pélagie, mama sita na watoto tisa. Siku siwezi kukutajia, tutaondoka barabara ikitulia, labda juma lijalo. Watoto hawaogopi kabisa, wanajua wanakwenda kwa Koko. Mimi ninaogopa kidogo, lakini tukishafika kwenye msitu wenu nitapumua.

Namkabidhi Waziri barua hii, atatangulia. Tantine aweke chungu kikubwa.

Mtoto wako,
Zaina


Bakobi, 3 Machi 1965

Zaina,

Salamu natoa kwa sababu bila salamu mkono wangu haujui pa kuanzia. Tantine yako yupo. Hasemi nami sana. Kifua ni kilekile.

Barua hii haina wa kuipeleka. Naiandika kwa kuwa hapa kila mtu ananipa maneno mazuri, na mimi nayapokea, na kuna mambo sijamwambia yeyote. Wewe ndiye mwenye haki ya kuyajua.

Nilimsubiri Waziri pale njia inapogawanyika, akafika Jumapili na barua yako. Niliisoma nimesimama. Nikamshika shati. Akalia kama mtoto. Kwenye kizuizi cha daraja walimpiga risasi mtu aliyekuwa mbele yake kwa sababu ya karatasi iliyokutwa mfukoni, naye akaitupa barua yangu mtoni. Kukuambia aliona haya. Sikumpiga. Mimi pia ningeitupa.

Kurudisha tawi mahali pake sikuweza, kijiji kina watu zaidi ya mia mbili na wenye bunduki walikuwa karibu. Nikaamua kukaa pale pale mwenyewe, nikuone ukija. Nilikaa siku tano, tangu alfajiri hadi jua kuzama. Siku ya tatu waliwasili wale wenye bunduki. Nilijificha nyuma ya mti, nikawaona wakitazama tawi, kijana wao akawaonyesha kushoto, wakaenda. Zaina, nilicheka. Nilijiona mwenye akili kuliko jeshi zima. Hawakurudi, walikuta hangari ya kahawa ina paa, wakakaa.

Siku ya sita, Jumamosi, mvua ilianza kabla ya jua. Sitakudanganya, hakuna aliyeniita nyumbani, wala sikuwa na homa. Nililowa, nikasikia baridi, nikajisemea hakuna mtu wa kutembeza watoto katika mvua hii. Nikarudi kubadili shati. Tantine yako alikuwa amepika pondu ya majani ya muhogo. Nikala. Nikajinyoosha kidogo, usingizi ukanichukua.

Niliporudi ilikuwa saa tisa. Topeni kulikuwa na nyayo ndogo nyingi, za pekupeku, na mbele yake alama za viatu vyako. Zote zimeelekea kushoto. Nilikimbia nikiita jina lako mpaka niliposikia bunduki. Hapo nikajitupa kwenye majani nikafunika kichwa. Sikusogea, Zaina. Nilikaa hivyo mpaka kukawa kimya, na baada ya kimya nikakaa tena.

Pélagie alitoka upande wa tope na watoto wanne. Wengine wote tuliwazika nyuma ya hangari siku wale watu walipoondoka. Kaburi lako nililichimba peke yangu, sikutaka mtu aguse beleshi langu.

Bakobi haikuungua hata nyumba moja. Wananiletea mayai, wananiletea kuku. "Njia yako ilituponyesha, Papa Asumani." Mtoto aliyezaliwa mwezi uliopita wamempa jina langu. Kuna asubuhi natazama nyumba zao zote zimesimama, moshi unatoka, nawachukia mmoja mmoja kwa jina. Kisha nawasalimu.

Juma lililopita Pélagie alikuja. Anataka kuanza tena safari za Jumapili siku barabara itakapotulia, wale watoto wanne wanamwomba. Nimempa mapanga yote na majembe, mimi nimekataa kufundisha, naye hakunilazimisha. Halafu akanieleza yaliyotokea pale. Watoto walikuwa wanatetemeka kwa baridi. Mama mmoja akasema njia hizi zimebadilika, afadhali msubiri mtu. Wewe ukainama, ukatazama lile tawi lilivyokatwa, ukautambua mkono wangu, ukacheka. Ukawaambia: "Kama Tonton ndiye aliweka hii tawi, twende kwenye anatuonyesha. Tonton haiko mutu ya kudanganya."

Pélagie alifikiri neno hilo litanituliza. Nikamshukuru, nikampa ndizi za njiani.

Tonton yako,
Asumani