Baba Alitaka Kuiona Kampala

Jumatatu, 10 Februari. Dunga.
Omena, dagaa zangu za kuuza, zimekauka kabla ya saa tano. Jua halina huruma. Baba amejimwagia chai mguuni tena, hakukiona kikombe. Daktari alishasema: presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha, la kulia limebakiza miezi. Baba hakulia. Alisema anataka kuiona Kampala mara moja kabla ya giza. Alifanya kazi kule ujanani, kwenye reli, mpaka Wakenya walipofukuzwa.

Kaka yangu Odhiambo amepiga simu kutoka kwake Milimani, hapa hapa Kisumu. Atatupeleka kwa gari lake. Sikutegemea. Yeye na Baba hawawezi kukaa chumba kimoja mpaka chai ipoe. Mimi ndiye ninayemkata Baba kucha. Odhiambo hutuma unga na dawa kwa mtu wa boda.

Naiogopa safari hii.

Jumatano, 12 Februari. Kampala.
Tumefika. Gesti safi, maji yapo.

Pale mpakani Busia Baba hakuona mahali pa kutia sahihi. Akaandika jina lake juu ya meza. Odhiambo akamkamata kifundo cha mkono, akaukandamiza kwenye karatasi. Afisa akatazama kando. Nilimwambia Odhiambo amwachie. Akasema ninyamaze, mimi ndiye mtoto ambaye sikuguswa.

Ni kweli. Baba alikuwa na mkanda mmoja nyumbani na ulikuwa wa Odhiambo. Mimi nilikuwa naenda kusimama nyuma ya jiko mpaka kelele ziishe. Kisha naletewa kitoweo kama kawaida, na ninakula.

Alhamisi, 13 Februari.
Naandika kwenye benchi la hospitali. Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi tulikwenda msikiti mkubwa wa kilimani. Joto tayari. Baba hakuweza kupanda mnara, akakaa chini kivulini akaniuliza paa zina rangi gani. Nikamwambia nyekundu, nyingi sana. Akafurahi. Baadaye kanisa kuu, kilima kingine. Odhiambo alikuwa anatembea mbele, anatazama saa. Sokoni Nakasero Baba alitaka kugusa mafenesi. Odhiambo akamvuta kwa shati, kifungo kikakatika. Saa saba lami ilikuwa inanata kwenye viatu. Hatukuwa tumekunywa maji. Nilimwambia Baba turudi gesti. Akakataa, alikuwa hajaiona stesheni.

Tukaenda stesheni. Baba akagusa ukuta kwa viganja vyote viwili. Akatuonyesha mahali. Siku yake ya mwisho kazini, askari walimlaza chini hapo wakamchapa kwa mikanda mpaka akajikojolea. Hakuwahi kutuambia. Mimi nililia.

Odhiambo akacheka. Kicheko kibaya.

"Na mimi ulinilaza hivyohivyo, Baba. Nilikuwa na miaka tisa."

Baba akageuka kuitafuta sauti. "Wewe ulikuwa umeuza wavu wangu."

Odhiambo akampiga kofi. Mzee wa miaka sabini na nane. Miwani ikaruka. Baba akaanguka kwa ubavu, na Odhiambo akampiga teke. Mara moja, kwenye paja. Alikuwa anainua mguu tena nilipookota fimbo ya Baba.

Pigo la kwanza lilimpata begani. Akainua mkono wa kulia kujikinga, nikaupiga huo mkono. Nikasikia mfupa. Mlio kama kuni kavu. Angeweza kuninyang'anya fimbo, ni mkubwa kuliko mimi. Hakufanya hivyo. Akapiga magoti. Nikampiga tena, mgongoni, na tena. Damu ilimtoka mdomoni, aliuma ulimi. Mama mmoja muuza ndizi alinishika kiunoni kwa nyuma akanivuta. Nilimpiga na yeye kwa kiwiko. Sijui hata jina lake.

Niandike na hili kwa sababu hakuna atakayelisoma. Niliona raha. Hadi leo sikujua kwamba na mimi ninayo hiyo raha ya kupiga.

Baba alikuwa chini anaita, "Basi. Basi." Sijui alikuwa anamwambia nani.

Jioni, hospitalini.
Mkono umevunjika mahali pawili. Baba amevimba paja, hakuvunjika. Daktari alimuuliza Odhiambo nini kimetokea. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikingojea polisi waitwe. Odhiambo akasema aliteleza kwenye ngazi akimsaidia mzee. Daktari akamtazama mgongo, akaniangalia mimi, akaandika ngazi.

Odhiambo hajanitazama.

Ijumaa, 14 Februari.
Tumemkodi dereva wa kuliendesha gari la Odhiambo mpaka Kisumu. Baba mbele, sisi wawili nyuma. Kwenye mpaka Odhiambo alitia sahihi kwa mkono wa kushoto, mistari kama ya mtoto wa nasari.

Milimani mkewe alifungua geti. Akaliona plasta, kisha akaitazama mikono yangu. Ameambiwa ngazi. Hajaamini.

Jumatano, 19 Februari.
Siuzi leo. Wanawake wenzangu ufuoni wanauliza habari za Kampala. Nasema joto. Baba hali chakula, anauliza kama simu imelia. Nimempigia Odhiambo mara mbili. Hapokei. Nachukia ukimya huu kuliko zile kelele za zamani.

Jumapili, 23 Februari.
Odhiambo amekuja mwenyewe, baada ya kanisa. Hakuketi kwenye kiti. Akaketi kitandani kando ya Baba.

Baba akapapasa mpaka akalipata plasta. Akauliza ni mkono gani.

"Wa kulia."

"Mimi nilivunja wa kushoto," Baba akasema. "Tukamwambia mama yenu ulianguka kwenye mtumbwi."

Nilidhani alianguka. Miaka yote hii.

Odhiambo alifunika uso kwa mkono ule mzima. Mabega yakatikisika kwa muda mrefu. Baba aliendelea kulishika plasta. Mimi nilisema nisamehe. Sikusikika vizuri, nikasema tena. Akatikisa kichwa, sijui ndiyo au hapana.

Baadaye nikaleta ugali na ngege, samaki wa ziwani. Nikamtolea Odhiambo miiba, nikamkatia ugali kidogokidogo. Alikula wote. Baba naye alikula. Upepo wa ziwa ulikuwa umeanza, nikafungua mlango.